Jumamosi ya Kungoja Simu

4 Februari

Mke wangu, Mama Pacha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Barua yako imenifikia imekunjamana vibaya, nadhani dereva wa gari la dawa aliikalia njia nzima. Watu wakisikia kwamba mke wa fundi wa mitandao ya kompyuta anafanya kazi mahali pasipo na mtandao hata wa kutuma nukta, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nami nacheka nao. Nikirudi chumbani sicheki.

Watoto hawajambo. Kasuku anaongea tangu anapofumbua macho. Mwalimu wake amemhamisha dawati tena, na huko alikohamia amepata watu wapya wa kuongea nao. Pacha mwenzake bado ni Jaji yule yule. Jana aliamua kesi ya nani aoshe vyombo, mimi nikashindwa, na rufaa sikupewa.

Kazini kuna makubwa. Nilikuambia kampuni itahama jengo. Siku imeshapangwa, Jumamosi ya tarehe tisa mwezi ujao. Mitambo yote itazimwa asubuhi, ibebwe, iwashwe kule kupya, na muda huo wote mabenki tunayoyahudumia yatasimama, na bohari za dawa pia. Kabla ya hapo nimepewa kazi ya heshima. Kila siku nakaa na vijana wa kikosi kipya nikiwaeleza kila ninachokijua kuhusu mitambo ile, na maneno yangu yanaingizwa kwenye programu ya kujibu maswali. Mtu akiiuliza, "Seva fulani imegoma, nifanyeje?" itamjibu kama ningemjibu mimi. Mkurugenzi anasema kichwa changu kampuni haitaki kukipoteza. Msimamizi wa kikosi hicho ni yule Binti wa Miwani, ambaye nilimpokea mwenyewe siku yake ya kwanza akiwa hajui waya upi unaingia wapi. Ananiita Mzee. Miaka arobaini na sita, naitwa Mzee! Ukicheka nitasikia hata huku.

Lakini usidhani nimelala. Kuna jambo moja nimeliweka kibindoni. Unamjua Bibi, lile kabati kuukuu la kijivu lililo pembeni ya chumba cha mitambo, ambalo sote tunaliita hivyo. Mitambo ikizimwa, Bibi lazima aamshwe wa kwanza, peke yake, aachwe mpaka mngurumo wake utulie. Ukiwasha wengine kabla yake anavuruga kumbukumbu zote za bohari za dawa, na kuzinyoosha ni kazi ya siku nzima kwa mtu anayejua. Mimi nilijifunza hilo kwa machozi, na wao sijawaambia. Siku ya kuhama watanipigia simu. Wakishanipigia tutaongea vizuri nani ni Mzee na nani ni msimamizi.

Mumeo,
Baba Pacha


13 Februari

Baba Pacha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana wodi imejaa na kiti changu amekikalia mama anayengoja kitanda. Kwa habari za Jaji nimecheka. Kwa hilo la Mzee nimecheka pia, kidogo, usininunie.

La Bibi halikunichekesha. Mume wangu, bohari za dawa ndiyo mimi. Ni kweli hapa hatuna mtandao, lakini dawa ikiisha naita hospitali kubwa kwa redio, wao wanaagiza bohari kwa kompyuta, na gari linakuja. Katikati pakilala mtu mmoja, mimi nabaki natazamana na mgonjwa.

Nina wakunga wawili wapya. Mmoja wao ana mikono myepesi kuliko yangu, na nisikufiche, ananikera. Juzi alimpapasa mama mmoja akasema hapa wapo wawili, wakati mimi nilishaandika mmoja. Nimekuwa mkunga tangu yeye yuko shule ya msingi, tena mimi mwenyewe nimezaa pacha! Na kweli wakawa wawili. Jioni ile nikamfundisha namna ninayotumia kuzuia damu kwa mkono, kwa kuwa hiyo alikuwa haijui. Sikumfundisha kwa mapenzi. Nilimfundisha kwa sababu kuna siku mimi nitakuwa nimelala na yeye ndiye atakuwa zamu.

Waambie habari za Bibi. Waambie wiki hii. Na unijibu jambo jingine. Wakishayachukua maneno yako yote, wewe unabaki na kazi gani? Umeandika "kazi ya heshima". Nimeishi nawe miaka mingi, najua unavyoandika ukiwa na furaha, na hivi sivyo.

Wabusu wanangu. Kasuku apunguze maneno, ila asiyamalize.

Mkeo,
Mama Pacha


25 Februari

Mama Pacha mpenzi,

Lala usingizi. Nimewaambia habari za Bibi. Binti wa Miwani ameshukuru, ameyaingiza kwenye programu yao, na yamekwisha. Umefurahi sasa?

Kuhusu kazi, usijitie presha bure. Kampuni ikihama haimwachi nyuma mtu aliyeijenga. Wanazungumzia kunifanya mshauri, cheo fulani cha juu hivi, jina lake bado halijatulia. Jumamosi ile nitakuwa kule tangu asubuhi nikiongoza shughuli, kwa hiyo usishangae wiki hiyo barua ikichelewa.

Jaji amepata homa ya siku mbili, amepona. Viatu vya Kasuku vimembana, nitamnunulia vingine. Nyumba ni safi. Nisikilize mimi, acha kunisoma katikati ya mistari.

Wako,
Baba Pacha


10 Machi

Mama yetu mpenzi,

Shikamoo Mama. Mimi ni Kasuku. Jaji amekataa kuandika, amesema barua moja inatosha watu wawili wenye sura moja. Habari ya kazi? Watoto wachanga hawajambo?

Baba hajui kama nakuandikia leo, ameenda kulala. Amelala sana siku hizi kwa sababu yuko likizo tangu Februari. Kumbe hata hukuwa unajua? Jaji anasema hujui. Mimi nikasema Mama anajua kila kitu. Tumewekeana dau, atakayeshindwa ataosha vyombo wiki nzima, kwa hiyo tafadhali jibu kwa ukweli.

Jana ilikuwa Jumamosi na ilikuwa siku ya ajabu. Baba aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazini na viatu vya kazini, akafunga kamba kabisa. Nikamuuliza unakwenda wapi Baba, akasema popote nitakapoitwa. Kisha akakaa sebuleni, simu mezani, kioo juu. Akatukataza kuigusa. Hata michezo ya Jaji akaifuta ili chaji isiishe. Mchana tulimletea chakula akala huku anaitazama. Ilipolia aliruka mpaka kiti kikaanguka, lakini alikuwa shangazi, anauliza kama tuna ndoo ya kumwazima. Baba akamwambia toka hewani! Shangazi amenuna.

Mara moja aliichukua, akatafuta jina fulani, akaitazama weee, halafu akairudisha mezani. Jua lilipoanza kushuka akavua viatu. Alivua kimoja, akakaa nacho mkononi muda mrefu, ndipo akavua cha pili. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana mwanangu, simu tu haina mtandao. Lakini ilikuwa na mtandao, Mama, mimi niliona.

Viatu vyangu bado vinanibana.

Mwanao akupendaye,
Kasuku


17 Machi

Baba Pacha,

Kasuku ameniandikia. Usimgombeze, maana ukimgombeza nitajua, na kuanzia sasa nitapenda kuandikiwa na yeye.

Uliniandikia kwamba ungekuwa kule tangu asubuhi unaongoza. Mtoto anasema ulikuwa sebuleni umefunga kamba za viatu. Uliniandikia kwamba umewaambia habari za Bibi. Ungekuwa umewaambia, ulikuwa unangoja simu ya nini?

Sasa nikueleze Jumamosi hiyo mimi nilikuwa wapi. Asubuhi aliletwa msichana, mimba yake ya kwanza, kifafa cha mimba kimeshamshika. Mama yake alikuwa amemshika kichwa asijigonge. Dawa ya kutuliza degedege ile tuliyokuwa nayo ingemfikisha alasiri tu. Nikaita kwa redio. Wakanijibu mfumo wa kuagizia umezimwa tangu asubuhi, kuna mitambo inahamishwa mjini, tungoje. Nilikumbuka wewe, nikajipa moyo. Nikamwambia yule mkunga mpya, usiogope, mume wangu yuko pale pale, ndiye anayewasha. Nilisema hivyo kwa majivuno.

Mchana redio ikatuita, mfumo umewaka. Gari likafika dawa yetu ikiwa imebaki ya mwisho kabisa. Msichana yu hai, na mtoto wake wa kike ana sauti ya kumshinda Kasuku. Siku ile nilikuombea dua kila nilipopita kitandani pake.

Leo ndiyo najua kwamba wakati nakuombea, wewe ulikuwa sebuleni unaomba isiwake. Usikatae. Kama simu ile ingelia ungefurahi, na ingelia kwa sababu moja tu, kwamba mambo yameharibika. Ungevaa koti lako uende kwa mwendo wa bwana harusi, na mimi huku ningekuwa namfumba macho mtoto wa watu.

Kupoteza kazi si aibu. Unga ukimwagika tunaongea, tunapanga, watoto wanapunguziwa hiki na kile. Lakini sijui nikufanyeje wewe niliyekuwa namwambia mwenzangu asiogope kwa sababu yako. Niandikie ukweli au usiniandikie.

Mama Pacha


21 Machi

Mke wangu,

Sina pa kuanzia. Nimeisoma barua yako nje, nyuma ya nyumba, ili watoto wasinione.

Ni kweli. Tangu Januari niliambiwa kwamba mitambo ikihama nafasi yangu inakufa. Kule kupya programu ndiyo inayokesha, na vijana wachache wanaisimamia. Nilipewa wiki chache za kufundisha, kisha likizo, kisha barua ya kuagwa. Sikukuambia kwa sababu kila nikiandika mstari huo nauona mkono si wangu. Mimi ni mtu wa kuitwa. Ukinitoa hapo sijui nimebaki nani. Miaka yote wakikwama waliniita, hata siku ya kuzaliwa hawa pacha niliitwa nikiwa mlangoni kwa mkunga, na nisikufiche, nilijisikia fahari.

Basi nikabaki na Bibi. Jumamosi ile mchana nilitaka nipige mimi. Nilishika simu, nikalipata jina la Binti wa Miwani, nikairudisha mezani. Nilitaka waniombe. Sikufikiria bohari, sikufikiria wewe, ingawa ulishaniandikia kwa wino. Nilijitia hamnazo.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia nikaenda jengo la zamani. Chumba cha mitambo kimebaki sakafu na vipande vya waya. Bibi alikuwa nje kwenye ujia, mgongo wazi, amebandikwa karatasi ya vitu chakavu. Binti wa Miwani alikuwepo, anakabidhi funguo. Akanikumbatia. Akasema, "Mzee, kila kitu kiliwaka mara ya kwanza!" Nikamuuliza Bibi mlimwamsha vipi. Akasema hawakumwamsha. Kumbe waliona kwamba katika maelezo yangu yote nimetaja mpaka feni na kufuli za milango, ila Bibi sijamgusia. Akasema, "Tukajua kama wewe mwenyewe umeshamsahau, basi ameshazeeka mno, si wa kuaminiwa. Tukahamisha vyote vilivyokuwa ndani yake kidogo kidogo, wiki kadhaa kabla, akiwa anawaka." Wamemzima akiwa hana kitu tumboni. Sikuwahi kuwaza kumfanyia hivyo. Mimi nilijua kumwamsha tu.

Akanishukuru mbele ya watu. Mke wangu, nimewahi kutukanwa kazini, nimewahi kukatwa mshahara, sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa shukrani ile.

Halafu akanivuta pembeni. Amemwomba mkurugenzi anibakize, kwenye kikosi chake, fundi wa zamu kama wale vijana, chini yake yeye. Si cheo kikubwa, lakini ni kazi. Anasema kikosi kinahitaji mtu aliyeona mengi. Nina mpaka mwisho wa mwezi kujibu. Nataka kukubali. Nikikaa kimya hakuna anayejua habari za Bibi isipokuwa wewe na mimi. Naomba unishauri. Na naomba radhi, ingawa najua radhi nayo ni maneno, na maneno yangu umeshayachoka.

Baba Pacha


25 Machi

Baba Pacha,

Hiyo kazi mimi pia naitaka. Nimeikokotoa ada ya shule kichwani usiku kucha na hapa peke yangu siiwezi. Kwa hiyo jua kwamba nisemalo linaniuma kabla halijakuuma wewe.

Mwambie yule binti. Mwambie kabla hujakaa kwenye hicho kiti. Ukikaa kwanza hutamwambia tena, nakujua. Utamfanyia kazi kwa bidii, utawafundisha wenzako, utapendwa, na kila siku ya zamu yako kuna mkunga mahali atakuwa anamwambia mwenzake asiogope.

Akikusamehe, vizuri. Asipokusamehe, hana kosa.

Barua yako nimeilia. Sijawahi kukusikia ukisema hujui umebaki nani. Ungeniambia Januari ningekujibu. Sasa hivi nina hasira, nikipoa nitakujibu.

Kasuku ameshindwa dau. Mama hajui kila kitu. Aoshe vyombo.

Mama Pacha


30 Machi

Mama Pacha,

Nilimfuata Binti wa Miwani jengo jipya. Kuta ni vioo kila mahali, mtu hana pa kuficha uso. Nikamwambia twende nje, tukasimama karibu na maegesho. Nilimwambia Bibi sikumsahau. Nilimwambia nilivyokuwa nangoja simu, na nilichokuwa nakiombea. Habari ya msichana wako pia nilimweleza, kwa sababu bila hiyo ingeonekana utani wa kazini.

Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza, "Kuna kingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikagundua kipo. Kuna nywila niliyoijua mimi tu, tangu zamani. Kuna waya niliouacha bila alama kwa makusudi, mwaka ule walipomleta bosi nisiyempenda. Vidogo vidogo hivyo, kila kimoja nilikibakiza nikijiambia ni tahadhari. Nikawa nakumbuka kimoja, kinavuta kingine. Tulirudi ndani, akafungua kompyuta, nikavisema vyote mpaka ofisi ikawa tupu. Alikuwa anaandika bila kuniangalia.

Tulipofika mwisho akasema, "Mzee, nakushukuru kwa kuniambia. Ila siwezi kukuchukua. Kikosi kikiwa zamu mimi huwa nalala, na wewe ukiwa zamu sitalala." Machozi yalikuwa yanamlenga. Mimi ndiye niliyemfundisha kutomwacha zamu mtu usiyemwamini. Nilimwambia hana kosa, nami ningesema hivyo hivyo. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Hatukukumbatiana.

Nimepita dukani nikamnunulia Kasuku viatu, kwa kuwa nilimuahidi. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kukuambia. Nilitunga kwamba wamenipa muda zaidi, nikaiacha. Nikatunga kwamba nimekataa mwenyewe, nikaiacha hiyo nayo. Dereva wa gari la dawa anaondoka asubuhi na shangazi bado amenuna, kwa hiyo hakuna mwingine aliyesikia habari hii, hata watoto.

Mke wangu, sina kazi. Safari hii hukusikia kwa mtoto. Nimekuambia mimi, na nimekuambia wewe wa kwanza.

Mumeo,
Baba Pacha